Mipira Iliyokwenda Kushoto

Kindu, 18 Machi 1957

Ndugu yangu Assani,

Salamu kwako na kwa mkeo, mama Hadidja. Mke wangu Bernadette anawasalimu sana. Sisi ni wazima, ila mimi nimechoka, na uchovu wenyewe si wa kazi.

Jana Kibombo wametupiga tatu kwa moja, hapa hapa nyumbani, mbele ya watu wote wa cité, mtaa wetu. Tangu uondoke kufuata kazi ya mbao huko Punia, timu yetu ya Mamba imeshinda mara moja tu, na siku ile mvua ilinyesha mpaka gardien wao akateleza na mpira mikononi, akaingia nao golini mwenyewe.

Mabao yote matatu ya jana yalitoka miguuni mwangu. Nilipoteza mpira, wakakimbia nao, wakafunga. Unajua ubaya wa kazi ya demi wa katikati: kila mpira unapita kwake, na akiupoteza anaupotezea mahali pabaya, wenzake wote wameshapanda mbele, nyuma kumebaki majani na gardien. Mtu wa pembeni akipoteza, watu wanasema bahati mbaya. Mimi nikipoteza, wanamtaja mama yangu.

Baada ya mchezo Léon aliniita. Bado yeye njo kapita, msimamizi wetu, kwenye atelier, karakana ya reli, na bado njo mkubwa wa komite ya Mamba, kwa hiyo akikuita huwezi kujua anakuita kwa lipi. Akaniambia: "Désiré, zamani hukuwa unapoteza mipira, tulikuwa tunashinda. Sasa unapoteza, tunapigwa. Hesabu njo hiyo, haina mambo mingi."  Nilifungua viatu, nikaenda nyumbani miguu mitupu.

Niambie wewe uliyecheza na mimi miaka yote ile: ni miguu, au ni kichwa?

Wako,
Désiré Kalume


Punia, 9 Aprili 1957

Ndugu Désiré,

Barua yako ilifika imelowa. Kamiyo iliyoileta ilikwama kwenye matope na watu wakalala porini. Huku mvua haijui kuaga.

Tumo katika mwezi wa Ramadhani. Hadidja anafunga. Mimi mwaka huu sifungi. Mungu ni mpole, nitalipa siku zangu baadaye. Nakaa sana nyumbani, nasikiliza maji juu ya majani ya paa.

Umeniuliza kama ni miguu au kichwa. Siwezi kujibu nikiwa mbali. Nieleze kwanza: hiyo mipira unayoipoteza inakwenda wapi? Unanyang'anywa, au unaipiga mwenyewe inawaangukia wengine? Na mahali pangu, kule kushoto, anacheza nani? Watu husema "amepoteza mpira" kama vile ni ugonjwa mmoja. Lakini kuna homa ya mbu na kuna homa ya kidonda, na dawa zake hazifanani.

Hapa pia kuna uwanja, karibu na kambi ya wafanyakazi. Jioni wanacheza. Si wabaya.

Msalimie Bernadette. Usimchukie Léon, naye ana wakubwa wake.

Assani


Kindu, 29 Aprili 1957

Ndugu yangu,

Pasaka tulivuka kwenda Lokandu, askari wa kambi ya huko wakatupiga moja bila. Tulirudi na mtumbwi, hakuna aliyeimba.

Umeuliza mipira inakwenda wapi. Nililifikiria swali lako juma zima, nikiwa kwenye mashine za atelier, na jibu limenikasirisha. Inakwenda kushoto. Sijanyang'anywa na mtu. Nainua kichwa, naona mgongo wa arrière, beki wao, naupiga mpira nyuma yake, pale penye majani marefu upande wa gare, stesheni ya reli, kama nilivyofanya miaka yote. Pale ulikuwa unatokea wewe. Siku hizi anatokea arrière wao, anautuliza taratibu kama mtu aliyeokota kuku wake mwenyewe.

Mahali pako wamemweka Godefroid, karani mpya wa gare, mtu wa Kibombo. Si mtoto, ana mke na watoto wawili, na mbio anazo. Lakini hakimbii. Anasimama karibu na mstari wa chaki, mkono juu, anangoja mpira umletewe miguuni kama sahani ya chakula. Nampigia kelele: "Kimbia." Ananiangalia. Halafu watu wanasema Désiré amepoteza.

Sasa sikiliza habari njema. Léon amezungumza na muzungu wa atelier. Amekubali: ukija mwenyewe kabla ya mchezo wa mwisho wa kombe, na timu ya Kalima, mwezi wa nane, utarudishwa kwenye kazi yako ya useremala, na nyumba kambini utapata. Komite walitaka kuniondoa. Nilisimama mbele yao nikaapa kwamba utakuja, na kwamba ukija wataona kama ni mimi ninayepoteza mipira. Wamekubali kuniacha nicheze mpaka utakapofika. Mambo ya Godefroid sitaki hata kuyashughulikia. Yeye ni wa kushika mahali tu.

Kwa hiyo fanya mipango. Mwambie Hadidja aanze kufunga mizigo.

Désiré


Punia, 20 Mei 1957

Ndugu Désiré,

Nimepokea barua. Mshukuru Léon kwa niaba yangu, na huyo muzungu pia.

Mwezi wa nane sitaweza kuja. Kazi ya hapa hairuhusu, na mambo mengine. Usiniulize zaidi.

Usiape kwa miguu ya mtu mwingine, ndugu. Zungumza na Godefroid. Mtu anayenyoosha mkono anasema kitu.

Idi ilipita vizuri. Hadidja anawasalimu.

Assani


Kindu, 17 Juni 1957

Assani,

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta ndugu yangu ndani yake. Sikumwona. Mistari michache, kama ya mtu anayemjibu mtoza kodi.

Nitakuambia hali ya hapa ili ujue unachokikataa. Wanasema Kalima wameninunua. Eti ndiyo maana nawapa wengine mipira. Jumamosi Bernadette alikwenda sokoni. Mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, akafunika kapo lake na kitambaa, akasema mbele ya wote: "Muke wa mwenye kuuza mechi anataka sombe? Akanunue ku Kalima." Wengine wakacheka. Bernadette alirudi na kapo tupu, akapika wali na chumvi, hakuniambia neno. Nilisikia kwa jirani yetu, mzee Bulaimu. Nilipomwuliza, alisema: "Sombe ya leo haikuwa muzuri." Ndivyo tunavyoishi.

Léon naye ameniambia wazi. Kazi ya kivulini katika atelier ilikuwa ya mchezaji. Asiye mchezaji anakwenda kwenye njia, kuinua mataruma ya reli na wale wanaolala kwenye mahema porini. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaangalia mikono yake. "Minafanya nini, Désiré? Wananiuliza mimi."

Na wewe unaandika "mambo mengine". Nimeyafikiria hayo mambo. Uliniandikia kwamba timu ya kambi yako si mbaya. Sasa nimeelewa. Unavaa rangi yao. Umepata demi mwingine, huyo hapotezi mipira, na mimi nimekuwa habari ya zamani. Ungesema tu. Ningeumia mara moja nikapona.

Désiré Kalume


Kindu, 3 Julai 1957

Assani, ndugu yangu,

Hujanijibu, na sasa najua kwa nini. Nakuomba usiitunze ile barua ya mwezi uliopita. Iwashie moto.

Jana nilikuwa gare tukishusha vyuma. Kamiyo kutoka Punia ilikuwa inapakia mafuta, dereva wake Célestin, yule mrefu mwenye kofia ya askari. Nilimwendea na moyo mbaya. Nikamwuliza: "Assani, yule seremala wa Kindu, anawachezea vizuri?"

Akaniuliza: "Assani gani?"

"Bwana wa Hadidja."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kama nimekunywa. "Ule mutu iko anatembea na fimbo, baba. Tangu mwezi wa kwanza. Mbao ilimuangukia, gogo ya muti muzima. Mie njo nilimubeba mpaka ku lopitali. Muguu haukukatwa, ila goti haikunji tena."

Nikamwambia, "Mwezi wa kwanza?"

Akasema, "Ndiyo, mwezi wa kwanza. Hukuambiwa?"

Nilikaa juu ya vyuma. Alinipa maji. Mwezi wa kwanza, Assani. Nami barua yangu ya kwanza ni ya mwezi wa tatu. Ulikuwa umelala na mti umekupita juu ya mguu, nami nakuuliza kuhusu miguu yangu. Uliponiandikia kwamba hufungi Ramadhani, nilimchekesha Bernadette kwa uvivu wako. Jana jioni mzee Bulaimu alinieleza ni nani anayesamehewa kufunga: mgonjwa na msafiri. 

Sina hasira. Sina kitu cha kuomba pia. Ila kwa nini hukuniambia? Hilo tu.

Désiré


Punia, 22 Julai 1957

Ndugu yangu Désiré,

Barua yako ya hasira sikuichoma. Ilikuwa na Bernadette ndani, na lile kapo tupu, nisingeweza kulichoma hilo. Mwambie mkeo kwamba Hadidja alilia aliposoma, na yeye si mtu wa kulia.

Kwa nini sikukuambia. Nilitaka. Ile barua ya kwanza ilinikuta kitandani, nimeinuliwa mguu kwa kamba, na nilikusudia jibu langu liwe hili tu: Désiré, mimi nimekwisha. Halafu nikasoma habari za mchezo wa Kibombo, na nilipokuwa nasoma nilikuwa nakimbia. Hadidja aliniona. Akasema, "Unatikisa muguu." Mguu ule mzima, ulikuwa unatikisika chini ya shuka. Hapa kila mtu ananitazama goti kabla ya kunitazama uso. Kwenye barua zako tu nilikuwa bado mtu wa kushoto. Nilisema nitakaa humo kidogo zaidi, na kidogo kikawa kirefu, na wewe ukaapa mbele ya komite. Hapo niliogopa.

Sasa ninanoa misumeno. Nakaa kwenye kigogo tangu asubuhi, wananiletea, nanoa, wanachukua. Kazi si mbaya. Jioni nawaangalia wale wa kambi wakicheza, kama nilivyokuandikia. Sikusema uongo, nilisema nusu.

Kuna neno nataka kukuambia, nalo litakuuma, lakini tumeshaumizana na bado tunaandikiana. Léon amekosea hesabu yake. Anasema zamani hukupoteza mipira. Ulipoteza, ndugu. Ulipoteza kila mchezo. Mipira yako mingi ilikuwa mirefu mno, mingine ilikuwa mifupi, mingine uliipiga bila kuangalia. Mimi niliikimbilia. Nilikuwa na mbio za kufika hata mahali mpira usipostahili kufikiwa. Nikiufikia, watu walisema, "Tazama pasi ya Désiré." Nami nilifurahi waseme hivyo. Tulipokuwa tunashinda, nani angeuliza? Ushindi unafunika mipira mibaya kama majani yanavyofunika shimo. Sasa majani yamekauka, watu wanaona shimo, wanadhani limechimbwa jana.

Na jambo la pili. Mkishatangulia kufungwa, unaanza kutaka kurudisha yote kwa pigo moja. Nakujua. Hapo ndipo unapiga mbali zaidi, na unapoteza zaidi. Kwa hiyo hata mimi sijui kama mnapigwa kwa sababu unapoteza, au unapoteza kwa sababu mnapigwa. Nadhani ni mbuzi wawili waliofungwa kamba moja, kila mmoja anamvuta mwenzake.

Huyo Godefroid usimwombe awe mimi. Hata mimi siwezi tena kuwa mimi.

Assani


Kindu, 12 Agosti 1957

Ndugu Assani,

Barua yako iliniuma siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwa Godefroid.

Anakaa nyuma ya gare. Mke wake alinipa kiti, kisha akatoka nje, nadhani aliogopa nimekuja kugombana. Nilikuwa sijawahi kukanyaga pale, na tumecheza pamoja miezi yote hii. Nikamwuliza: "Wewe unapenda mpira wapi?"

 Akasema: "Ku miguu."

"Kwa nini hukimbii nyuma ya arrière?"

"Nimezoea hivyo. Kule kwetu nilikozaliwa, uwanja unaishia ku bonde. Ukipiga mupira mbele sana, umeenda, mutashuka kuutafuta mpaka giza. Basi tunapasiana ku miguu. Ukinipa ku miguu, ninakurudishia. Ninakurudishia kila mara. Ila hukunipa."

Nikamwambia, "Ungesema."

Akasema, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa: "Nilinyoosha mukono, yaya."

 Mke wake alirudi, akatuletea ndizi za kuchoma. Tangu siku ile kila baada ya kazi tulikuwa tunakutana nyuma ya maghala ya makaa, mimi nampa, yeye ananirudishia, bila kelele. Mwanzoni mguu wangu ulikuwa unakataa. Unataka kupiga mbali. Unaupa amri, unakutii kwa shingo ngumu kama punda.

Jana tulicheza na Kalima. Cité yote ilikuwa pale, na wazungu kwenye viti vyao. Nilipoingia wengine walizomea. Wakatangulia kutufunga, kona, kichwa, hakuna aliyekosa. Nikasikia ule moto ulionieleza, wa kurudisha yote kwa pigo moja. Nikauangalia mpira. Nikampa Godefroid miguuni. Akanirudishia. Nikampa tena. Tukapanda hivyo, kidogo kidogo, kama watu wawili wanaobeba kitanda. Kipindi cha pili Godefroid aliingia ndani kutoka pembeni, akavuta watu watatu, akanipa, nami nikampa mshambuliaji wa katikati, akafunga. Ikawa moja kwa moja.

Karibu na mwisho nilipata mpira, kichwa juu, na kule nyuma ya arrière wao kulikuwa wazi kabisa. Mahali pako pale. Assani, nilikuona. Sisemi kwa mfano, nilikuona umeshaanza kukimbia. Godefroid alikuwa amenyoosha mkono wake karibu na chaki. Nilimpa Godefroid.

Hatukushinda. Arbitre akapuliza, ikabaki moja kwa moja, na kombe likaenda Kalima kwa sababu wao walishinda michezo mingine yote na sisi tulipigwa karibu michezo yetu yote. Hilo siwezi kulirudisha.

Léon alikuja nimekaa chini. Akasema: "Leo hukupoteza."

Nikamwambia: "Na hatukushinda."

Akakaa karibu yangu kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. "Karatasi yako ilishaandikwa tangu juma lililopita," akasema. "Nilikwenda kumuomba muzungu baada ya mchezo, pale pale. Alisema karatasi ni karatasi." Kwa hiyo nakwenda kwenye njia, Assani, kwenye mataruma, upande wa Kibombo. Wale hawarudi mjini Jumapili. Mchezo wa jana ulikuwa wa mwisho kwangu.

Ajabu ni kwamba nililala vizuri.

Désiré


Punia, 2 Septemba 1957

Ndugu Désiré,

Nimeisoma kwa sauti, Hadidja akisikiliza. Uliposema uliniona, niliinuka, nikasoma nimesimama. Nilipofika mahali ulipompa Godefroid, nilikaa.

Ulifanya vizuri. Nisingeufikia.

Jioni nilikwenda kwenye uwanja wa kambi na fimbo yangu. Kuna demi wao, mpigaji wa mbali kama wewe, anatukanwa kila siku. Nilimwita, nikamwambia, "Muangalie nani ananyoosha mukono." Alinijibu kwa heshima kwamba atajaribu. Sijui kama atajaribu.

Bernadette atakaa na nani ukiwa porini? Tuandikie. Usibebe mataruma kwa mgongo, beba kwa miguu.

Assani


Njiani kuelekea Kibombo, 20 Oktoba 1957

Ndugu yangu Assani,

Naandika juu ya sanduku la misumari, usilaumu mwandiko. Mvua imeanza, tuta la reli linaporomoka kila siku, nasi tunalirudisha. Mikono imekuwa ya mtu mwingine. Jioni hatuongei. Mtu anakula, anaegemea, analala na kijiko mkononi.

Bernadette yuko Kindu, nyumba ya kambini walitutoa, anakaa kwa mzee Bulaimu. Mke wa Godefroid anakwenda naye sokoni. Mara ya kwanza yule mama wa sombe alifunika tena kapo lake. Mke wa Godefroid akaweka chini mzigo wake, akasema, "Sisi tunangoja." Wakangoja pale pale, wakizungumza habari zao, jua likiwaka, mpaka mama akachoka, akafunua. Bernadette ameniandikia hayo kwa mkono wake, na mwishoni akaongeza kwamba sombe ilikuwa nzuri.

Mamba wanashinda kidogo, wanapigwa kidogo. Demi mpya anapoteza mipira. Nasikia wanamsema.

Kapita wa njia amenikubalia likizo ya siku za Noeli. Célestin atanichukua na kamiyo yake kutoka Kindu, barabara ikipitika. Nikifika Punia itakuwa jioni, nitakuwa na matope mpaka shingoni. Nakujua, utataka kuja mpaka barabarani na fimbo yako kunipokea. Usije. Kaa kwenye kigogo chako. Nitakuja mpaka hapo ulipo.

Wako,
Désiré Kalume